Walikubali kabla ya kuthibitishiwa

Ilikuwa katika mafundisho ya kipaimara, chini ya mwembe wa parokia yetu, nami nilikuwa nimekaa nyuma ya watoto nikisubiri zamu yangu ya kuwafundisha nyimbo. Binti mmoja alikuwa amemaliza kusoma sura ya 10 ya kitabu cha Yoshua, pale Yoshua anaposema, "Wewe Jua, simama kimya juu ya Gibeoni." Akaifumba Biblia huku kidole chake kikiwa bado ndani, akauliza: kama dunia ndiyo inayozunguka, kwa nini Yoshua hakuiambia dunia isimame?

Katekista wetu ni mzee mwenye subira, na hajawahi kumkaripia mtoto kwa sababu ya swali. "Mwanangu," alimjibu, "hilo lilikwisha zamani. Wataalamu walithibitisha, na Kanisa likakubali."

"Walithibitisha mwaka gani, Mwalimu?"

Mzee alisema watalitazama siku nyingine, na kipindi kikaendelea. Mimi nikaondoka nalo swali hilo, na kwa majuma kadhaa halikuniachia nafasi.

## Tarehe zinazokwenda kinyume

Jibu la katekista ndilo karibu kila mmoja wetu angelitoa: kwanza ushahidi, kisha kukubali. Ukizipanga tarehe zenyewe, mpangilio huo hausimami.

Kitabu cha Nicolaus Copernicus, kilichosema kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, kilichapishwa Nuremberg mwaka 1543. Tangu siku za mwanzo wapinzani walikuwa na hoja moja nzito. Ikiwa dunia husafiri kulizunguka jua, basi katika Januari na Julai tunazitazama nyota kutoka pande mbili zilizo mbali sana, na kwa hiyo nyota zilizo karibu hazina budi kuonekana zikihama kidogo mbele ya zile zilizo mbali zaidi. Hakuna aliyeuona mhamo huo. Mtu aliyeupima kwa namna iliyowaridhisha wenzake ni Friedrich Bessel wa Königsberg, katika nyota iitwayo 61 Cygni, na alipata takribani theluthi moja ya sekunde ya upinde, wakati digrii moja ina sekunde 3,600. Huo ulikuwa mwaka 1838.

Orodha ya Roma ya vitabu vilivyokatazwa ilikuwa imekwisha kutolewa bila majina ya Copernicus, Kepler na Galileo mwaka 1835.

Ushahidi wa aina nyingine ulikuwa umepatikana Uingereza mwaka 1729, nami nitaufikia. Lakini hata wakati huo wanafalaki wengi wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuvuka upande wa Copernicus. Watu walilikubali jambo linalopingana na macho yao, linaloonekana kupingana na Maandiko, na ambalo hakuna aliyekuwa amelithibitisha. Ni nini basi kilichowavusha?

## Nakala ya Reinhold

Copernicus alikuwa kanoni wa kanisa kuu la Frombork, na kitabu chake alikiweka wakfu kwa Papa Paulo III. Aliyemsukuma kukichapa ni Rheticus, kijana Mlutheri aliyemfikia mwaka 1539 kutoka Wittenberg, mji wa Luther mwenyewe, katika miaka ambayo Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wakitengana kwa uchungu mkubwa. Huko Nuremberg, mchungaji Mlutheri Andreas Osiander alitia mwanzoni mwa kitabu dibaji isiyo na jina la mwandishi, akisema kwamba mambo haya hayalazimiki kuwa kweli. Yatosha kwamba hesabu zake zinatoka sawa.

Wasomaji wengi wa kizazi cha kwanza walikisoma kwa jicho hilo. Mmoja wao, Erasmus Reinhold, profesa wa Wittenberg, ndiye aliyegeuza hesabu za Copernicus kuwa majedwali ya kukokotoa mahali sayari zilipo, yaliyotoka mwaka 1551. Nakala yake ya kitabu cha Copernicus imehifadhiwa mpaka leo Edinburgh, na kwenye ukurasa wa jina la kitabu aliandika kwa mkono wake kanuni aliyoiona kuwa ndiyo kiini: kwamba mwendo wa vitu vya mbinguni ni wa kasi moja na wa duara, au umeundwa na miendo ya namna hiyo.

Kuhusu dunia kuzunguka, ukurasa huo haukuandikwa neno.

Kilichomvutia Reinhold ni kwamba Copernicus aliuondoa ufundi mmoja wa Ptolemayo, mwanafalaki wa kale aliyeiweka dunia katikati, uliowakera wanafalaki kwa karne nyingi, wa kuipimia sayari kasi yake kutoka mahali pasipo katikati ya duara lake. Kero hiyo ilikuwa imewashughulisha wanafalaki Waislamu muda mrefu kabla yake. Nasir al-Din al-Tusi aliifanyia kazi Maragha katika karne ya 13, na Ibn al-Shatir, muwaqqit wa Msikiti wa Umawiyya huko Damascus, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu nyakati za sala, aliiendeleza katika karne ya 14. Mpango wake wa mwendo wa mwezi ni uleule, kihesabu, tunaoukuta kwa Copernicus.

Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 30 watu wa Wittenberg walitumia namba za Copernicus huku wakiiacha dunia ikae palepale ilipokuwa. Ni rahisi kuwaita waoga, nami siwaiti hivyo. Bila kukusudia, walikuwa wakiwazoesha wanafunzi wao kukokotoa mbingu kwa kitabu ambacho ndani yake dunia inakwenda, na kijana aliyejifunza hivyo alipokua hakulikuta wazo hilo kama mgeni.

## Nyota kubwa kupita kiasi

Nilipofika kwa Tycho Brahe ndipo nilipoanza kuyumba, kwa sababu huyu ndiye mpinzani ambaye kwa haki ya wakati wake alikuwa na hoja bora. Tycho alipima mbingu kwa macho matupu na vyombo vikubwa vya chuma na shaba katika kisiwa cha Hven, kwa usahihi ambao hakuna aliyewahi kuufikia, na hakuona nyota yoyote ikihama. Kama Copernicus alisema kweli, nyota zilipaswa kuwa mbali kiasi cha kutisha. Tena nyota angavu zilionekana kuwa na upana wa dakika kadhaa za upinde, na kitu chenye upana huo kikiwekwa mbali hivyo, nyota moja ingekuwa na ukubwa sawa na njia nzima ya dunia kulizunguka jua. Tycho aliona huo ni upuuzi. Akapendekeza mpango wake wa mwaka 1588: sayari zilizunguke jua, na jua pamoja na sayari zake liizunguke dunia iliyotulia.

Leo tunajua kwamba upana ule wa nyota ulikuwa udanganyifu wa nuru. Wakati ule hakuna aliyeweza kulijua hilo.

Lililonishtua zaidi ni jibu alilopewa. Christoph Rothmann, mwanafalaki wa Kassel aliyemfuata Copernicus, hakuwa na kipimo cha kumrudishia Tycho. Alimjibu kwa imani: kuna upuuzi gani nyota ikiwa kubwa hivyo? Mfalme akizidi ukuu, jumba linalomfaa nalo huzidi ukubwa, na ukuu wowote wa ulimwengu bado si kitu mbele ya Muumba asiye na mwisho.

Basi katika ugomvi huu, aliyekuwa na vipimo ni mtu wa dunia iliyotulia, na aliyemtegemea Mungu ni mtu wa jua katikati. Nimeirudia sehemu hii mara nyingi, kwa sababu inaivuruga kabisa ile picha ya dini upande huu na elimu upande ule.

## Barua ya kardinali

Yaliyompata Galileo wengi tunayafahamu: darubini, miezi minne ya Mshtarii aliyoanza kuiona Januari 1610, kesi ya mwaka 1633, na kule kupiga magoti tarehe 22 Juni kuikana kauli yake. Mimi nataka kusimama kwenye barua moja tu.

Tarehe 12 Aprili 1615 Kardinali Robert Bellarmine alimwandikia padre Mkarmeli, Paolo Foscarini, aliyekuwa amemtetea Copernicus hadharani. Alisema kwamba kama kungekuwapo ushahidi wa kweli kuwa jua liko katikati na dunia hulizunguka, ingebidi Maandiko yanayoonekana kusema kinyume yaelezwe kwa uangalifu mkubwa, na ingekuwa afadhali kusema kwamba hatuyaelewi kuliko kusema kwamba jambo lililothibitishwa ni la uongo. Lakini ushahidi huo yeye hataamini kuwa upo mpaka auonyeshwe.

Galileo hakuwa nao. Alikuwa ameona Zuhura ikibadilika sura kama mwezi, jambo linaloonyesha kwamba Zuhura hulizunguka jua, na Wajesuiti wa Chuo cha Roma walilithibitisha kwa darubini zao. Lakini Zuhura hulizunguka jua hata katika mpango wa Tycho. Hoja aliyoitegemea zaidi, kwamba maji kujaa na kupwa ni kazi ya mwendo wa dunia, haikuwa sahihi.

Hapa nililala na mashaka kwelikweli. Kwa siku kadhaa niliona kwamba kardinali ndiye aliyesema kama mtu wa elimu.

Sikubaki hapo, na sababu iko katika barua hiyohiyo. Bellarmine anaongeza kwamba ingawa mwendo wa jua si jambo la imani kwa upande wa mada yake, ni la imani kwa upande wa Yule aliyelisema. Kwa sentensi hiyo, kila neno la Maandiko kuhusu mbingu linafungwa kabla uchunguzi haujaanza. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Machi 1616, Roma ilikisimamisha kitabu cha Copernicus "mpaka kisahihishwe" na kukipiga marufuku kabisa cha Foscarini. Anayedai ushahidi hana budi kuwaacha watu wautafute, wauandike na wakosoane mbele za watu. Amri ya 1616 iliudai ushahidi na papo hapo ikawazuia Wakatoliki kuutafuta kwa sauti.

Masahihisho yenyewe yalitolewa mwaka 1620, na ni machache kuliko nilivyotarajia. Sura ya 11 ya kitabu cha kwanza, kwa mfano, ilihusu uthibitisho wa miendo mitatu ya dunia. Msomaji aliagizwa aongeze kwa wino neno la kuonyesha kwamba ni nadharia tu. Nakala nyingi zilizokuwa Italia zina mikato hiyo. Nje ya Italia, hata katika nchi za Kikatoliki kama Hispania na Ufaransa, ni nadra kuikuta. Nakala ya Galileo mwenyewe imekatwa, lakini kwa mistari myepesi, na maneno ya chini yake bado yanasomeka.

## Doa dogo mbele ya jua

Kama nitalazimika kutaja siku moja ambayo mizani iliinama, nitaitaja tarehe 7 Novemba 1631.

Johannes Kepler, Mlutheri ambaye kanisa lake mwenyewe lilimnyima ushirika wa meza ya Bwana kwa sababu hakukubali kutia sahihi kila kipengele cha mafundisho yake, alikuwa amerithi vipimo vya Tycho. Alijaribu kuifanya njia ya Mirihi kuwa duara, na hesabu ikapishana na vipimo kwa dakika 8 za upinde, yaani chini ya sehemu moja ya saba ya digrii. Mwingine angelipuuza pengo hilo. Kepler alisema Mungu ametupa mpimaji makini kama Tycho, na kwa hiyo dakika hizo 8 hazipuuziki. Aliliacha duara, kanuni ileile ambayo Reinhold aliiandika kwenye kitabu chake, akafika kwenye duaradufu lenye jua upande mmoja. Mwaka 1627 alichapa majedwali yake, kisha akatangaza kwamba mwezi wa Novemba 1631 sayari ya Utaridi itapita mbele ya uso wa jua. Alifariki Novemba 1630, mwaka mmoja kabla.

Paris, Pierre Gassendi, padre Mkatoliki, alikitia giza chumba chake, akauingiza mwanga wa jua kwa darubini na kuuangusha juu ya karatasi nyeupe. Mawingu yalikuwa yakija na kuondoka. Asubuhi ile aliona kidoa cheusi, kidogo mno, akadhani ni doa la kawaida la jua, kwa sababu watu wote walitarajia Utaridi iwe kubwa zaidi. Alipopima tena, kidoa kilikuwa kimesogea, na kilisogea upesi kuliko doa la jua linavyoweza.

Majedwali ya Kepler yalikuwa yamekosea kwa chini ya robo ya digrii, ambayo ni chini ya nusu ya upana wa jua lenyewe. Yale ya Reinhold, yaliyojengwa juu ya Copernicus, yalikosea kwa karibu digrii 5. Kwa hiyo jua kuwekwa katikati peke yake hakukutosha, na duara lilipaswa kuachwa pia.

Siku ile haikuthibitisha kwamba dunia inakwenda, na mwenye kichwa kigumu angeweza kuyatumia majedwali ya Kepler na kubaki na Tycho. Lakini mtu anayehesabu kupatwa kwa jua, anayetengeneza kalenda, anayeishi kwa namba hizi kila siku, alipaswa sasa kukaa na Kepler mezani. Na Kepler, tofauti na Osiander, hakuwahi kumwambia msomaji wake kwamba haya ni mahesabu tu.

## Tundu katika paa la San Petronio

Bologna ulikuwa mji wa dola ya Papa. Mwaka 1655, miaka 22 tu baada ya hukumu ya Galileo, Giovanni Domenico Cassini alipewa ruhusa ya kutengeneza upya tundu katika paa la kanisa la San Petronio, mita 27 juu, na kulaza sakafuni mstari wa kaskazini hadi kusini wenye urefu wa mita 67 hivi. Kila adhuhuri taswira ya jua hudondoka juu ya mstari huo. Sababu iliyotajwa ilikuwa ya ibada: kupata kwa usahihi urefu wa mwaka na tarehe ya Pasaka.

Cassini alipima pia upana wa taswira hiyo wakati wa kiangazi na wakati wa baridi, maana jua likiwa mbali huonekana dogo zaidi. Nadharia ya zamani ilidai umbali wa jua ubadilike mara mbili ya ule aliousema Kepler. Taswira iliyoanguka kwenye sakafu ya kanisa ilikubaliana na Kepler.

Hilo nalo halikuamua nani anazunguka. Bali lilifanyika ndani ya kanisa, kwa fedha za kanisa, likimthibitisha mtu ambaye kitabu chake kilikuwa kimewekwa katika orodha ya marufuku tangu 1619. Waliolifanya walikuwa waamini, na sioni dalili kwamba waliona wanaisaliti imani yao.

## Mvua ya Bradley

Isaac Newton alipochapa kitabu chake mwaka 1687, swali lenyewe lilibadilika. Nguvu ileile inayoliangusha tunda ndiyo inayoushika mwezi, inayoyavuta maji ya bahari na inayozishika sayari kulizunguka jua, na katika hesabu hiyo jua ni zito mno kiasi kwamba haliwezi kuizunguka dunia ndogo. Mpango wa Tycho haukukanushwa kwa kipimo. Ulibaki bila sababu ya kuufanya uende.

Ushahidi wa moja kwa moja ulikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. James Bradley, aliyewahi kuwa kasisi wa Kianglikana, alikuwa akiutafuta ule mhamo wa nyota. Aliona nyota ikisogea kwa takribani sekunde 20, lakini kuelekea upande usiotakiwa. Aliyetembea kwenye mvua na mwavuli anaijua hali hii: mvua ikianguka wima, wewe unayekwenda mbele hulazimika kuuinamisha mwavuli mbele. Nuru ya nyota huanguka, dunia inakwenda, na darubini haina budi kuinamishwa kidogo. Taarifa yake ya mwaka 1729 ilikuwa alama ya kwanza ya mwendo wa dunia iliyoonekana angani, na ilikuta wanafalaki wenzake wamekwisha kuamini.

## Aliyenyimwa kibali

Mwaka 1758 orodha mpya ya Roma ilitoka bila lile katazo la jumla dhidi ya vitabu vinavyofundisha mwendo wa dunia, ingawa vya Copernicus na Galileo vilibaki vimetajwa. Desemba mwaka huohuo, mkulima wa karibu na Dresden, Johann Georg Palitzsch, aliiona nyota yenye mkia ambayo Edmond Halley alikuwa ametabiri kurudi kwake kwa hesabu za Newton.

Hata hivyo, mwaka 1820 Giuseppe Settele, padre na profesa wa chuo kikuu cha Roma, alipotaka kuchapa kitabu cha kufundishia kinachosema wazi kwamba dunia inakwenda, mkaguzi wa vitabu, Filippo Anfossi, alimnyima kibali kwa kuitaja amri ya 1616. Settele akakata rufaa kwa Papa Pius VII. Aliyemtetea ni Maurizio Olivieri, Mdominikani kama Anfossi, naye alijenga hoja kwamba wazee wa 1616 waliukataza mwendo wa dunia jinsi ulivyoeleweka wakati ule, mwendo ambao ungevuruga kila kitu juu ya uso wa dunia, na kwamba matatizo hayo sasa yamekwisha. Settele alipata kibali. Anfossi aliendelea kupinga, mpaka amri ya 1822 ikawakataza wakaguzi, aliyekuwapo na watakaomfuata, kuvinyima vitabu vya namna hiyo ruhusa.

Ninamheshimu Olivieri, kwa sababu bila yeye mlango ungebaki umefungwa. Lakini hoja yake iliruka nusu ya jambo. Wataalamu wa 1616 walisema kwamba jua kutulia katikati ni upuuzi kifalsafa, na pia kwamba ni uzushi, kwa kuwa kunapingana na Maandiko. Roma ya 1820 ililijibu la kwanza, na la pili ikapita pembeni yake.

La pili lilijibiwa mwaka 1893. Katika waraka wake juu ya Maandiko, Papa Leo XIII aliandika, akimfuata Mtakatifu Augustino, kwamba waandishi watakatifu hawakukusudia kufundisha maumbile ya ndani ya vitu vinavyoonekana, na kwamba walisema kwa lugha ya kawaida ya watu wa wakati wao, kwa jinsi vitu vinavyoonekana kwa macho. Galileo alikuwa ameyasema karibu hayohayo, akimtegemea Augustino huyohuyo, katika barua yake ya 1615 kwa Christina wa Lorraine. Jina lake halimo katika waraka wa 1893. Ningependa lingekuwemo.